Maziwa ya Namba Kumi na Sita

Jerotich,

Sitaanza na salamu wala kukuuliza hali, kwa sababu hali yako naiona kwa dirisha. Uko nje kwa bomba unasugua viatu vya kwenda chuoni na mswaki wa zamani, na mama yako anakuambia usimalize maji. Kesho saa tatu gari ya Nakuru inakubeba. Mambo ya blanketi, sabuni na mandazi ya njiani ameyapanga yeye, mimi sina la kuongeza. Mimi nataka kukuambia juu ya Kogo, nyanya yako, mama yangu mimi, na kwa nini inaonekana utaondoka bila maziwa yake.

Umemkasirikia. Usikatae, nilikusikia jikoni Jumapili. Ulisema watoto wa jirani hata wakienda tu boarding, nyanya zao huja na sotet, kile kibuyu cha maziwa lala, mtoto ananyweshwa na kubarikiwa ndio atoke. Lakini wewe nyanya yako amekataa, na hata ukienda kwake Kaptagat anakupa strungi, chai kavu isiyo na maziwa, kama mtu wa kupita njia. Mama yako akajibu kuwa huyo mama ana roho ngumu na amekuwa hivyo siku zote. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo na kikombe mkononi, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka kumi na mmoja, kwa hivyo si ati ilinishinda sana.

Kogo si mchoyo. Mimi ndiye nilimwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mchafu. Haikuwa kweli, na nilipojua haikuwa kweli sikumwambia. Hiyo ndiyo barua yote. Ukitaka kuacha kusoma hapa, acha. Lakini unaenda kusomea kazi ileile niliyoifanya siku hiyo, kwa hivyo afadhali ujue ilivyokuwa.

Ulikuwa na miaka sita. Mimi ndio nilikuwa nimetolewa kwa kuosha mitungi kule kiwanda cha maziwa nikapelekwa kupima. Nilipewa koti jeupe, na wewe hujui koti jeupe lilikuwa kitu gani kwa mtu aliyekuwa akishinda na miguu ndani ya maji machafu. Lilitakiwa kubaki kiwandani. Mimi nilikuwa narudi nalo mpaka hapa Munyaka, nikizunguka njia ya mbali, ndio tu majirani wanione.

Kazi yenyewe utafundishwa vizuri kuliko nilivyofundishwa mimi. Unachukua maziwa ya mkulima kidogo kwa chupa nyembamba, unatia dawa ya bluu, unafunika na kifuniko cha mpira, unageuza mara moja mbili, halafu unasimamisha chupa ndani ya maji yenye joto kama la mwili. Maziwa yanakuwa bluu. Kisha unangoja. Kama ndani kuna wadudu wengi, wale wadogo ambao jicho haliwaoni, wanamaliza hewa iliyo ndani ya maziwa na ile bluu inapotea, maziwa yanarudi meupe. Maziwa safi yanakaa bluu mpaka unaenda chakula cha mchana na kurudi. Maziwa mabaya yanakuwa meupe kabla nusu saa haijaisha. Ni kitu kizuri kuangalia, sitakudanganya. Hakuna kubembelezana. Rangi inakaa ama inaenda, na wewe unaandika.

Kila mkulima alikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na chupa yake na kifuniko chake, vimesimama kwa tundu lake kwenye ubao. Hatukupima kila mtu kila siku. Siku yako ikifika, mtungi wako unawekwa kando ungoje. Ukishindwa, maziwa yanatiwa rangi nyekundu ndio usiende kuyauza kwa hoteli za mjini, na unarudi nayo nyumbani hivyo hivyo mekundu. Ukishindwa mara tatu, namba inafutwa.

Kogo alikuwa namba kumi na sita. Alikuwa na ng'ombe wanne na mtungi mmoja, na alikuwa anashuka nao kutoka Kaptagat juu ya lori la maziwa, yeye mwenyewe, kwa sababu hakumwamini dereva. Watu wengine walikuwa wanatuma watoto. Yeye alivaa leso safi kana kwamba anaenda kanisani, akasimama kwenye foleni, na alikuwa anamwambia kila mtu, "Yule wa koti jeupe ni wangu." Nilikuwa naona aibu. Watu walikuwa wameanza kusema maziwa ya mama ya mpimaji hayawezi kushindwa hata akikamulia kwa tope.

Sasa hapo ndipo uelewe nilikuwa mtu wa aina gani. Siku maziwa yake yaligeuka meupe mara ya kwanza, kabla ya kushtuka, nilifurahi. Nilisema sasa watanyamaza. Nikaita namba kumi na sita kwa sauti, nikamwambia maziwa yake yamekataa. Alicheka kwanza, alifikiri ni mzaha. Alipoona ile nyekundu inaingia kwa mtungi wake akaacha kucheka.

Mara ya pili ilikuwa wiki mbili baadaye. Alikuwa amechemsha mtungi, amechemsha kitambaa cha kuchujia, amefunga ng'ombe mahali pengine pasipo na matope. Dakika ishirini na tano, nyeupe. Siku hiyo alinivuta kando akaniuliza kwa lugha yetu, polepole, anakosea wapi. Mimi ni mtoto wake. Aliuliza vile ungemuuliza daktari. Nilimjibu kwa Kiswahili, ndio wengine wasikie, kwamba kila mkulima ameonyeshwa usafi kwenye mkutano na mimi sina mafundisho ya pembeni.

Mara ya tatu alikuja amekata kucha. Maziwa yalipogeuka meupe tena, hakungoja niite namba. Alipanda ngazi mpaka juu tunapopokea maziwa, akaweka mikono yake miwili juu ya meza yangu. Ngozi ilikuwa imepasuka kwa kusuguliwa na jivu, hapa na hapa, katikati ya vidole.

"Angalia," aliniambia. "Nionyeshe ni wapi."

Nyuma yake kulikuwa na watu kama arobaini. Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Sikuiangalia ile mikono. Nilisema kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni, "Mama, wadudu hawaonekani na macho. Nimepima mara tatu. Uchafu uko kwako."

Halafu nikachukua rangi nyekundu nikamwaga mwenyewe kwa mtungi wake. Hiyo kazi hufanywa na mtu mwingine. Siku hiyo niliifanya mimi, na nilimwaga nyingi kuliko inavyotakiwa. Kogo aliinua mtungi bila kusaidiwa na mtu. Alipokuwa anapita, wanawake wa foleni walivuta mitungi yao kando isigusane na wake. Mmoja wao alikuwa msimamizi wa kikundi chao kanisani, wale wanaopika chai baada ya ibada. Jumapili hiyo Kogo aliambiwa apumzike, wengine watapika. Amepumzika mpaka leo.

Na wewe usijifanye hukuwepo. Desemba iliyofuata tulienda kwake, ulikuwa umefika miaka saba. Alikupa kikombe cha maziwa, na wewe ukaweka mikono nyuma ukasema, "Baba alisema wewe ni mchafu." Kulikuwa na wageni. Mimi nilicheka, Jerotich. Nilisema huyu atakuwa mtu wa maabara. Kogo alichukua kikombe, akaenda nacho nje, akammwagia mbwa. Aliporudi alikuwa na strungi. Hajawahi kukupa maziwa tena, wala mimi, wala mtu yeyote. Wewe hukumbuki. Yeye anakumbuka mpaka sweta ulilovaa.

Sikulaumu, maneno yalikuwa yangu, wewe ulikuwa mdomo tu. Lakini nimekuona ukinung'unika juu ya strungi miaka yote hii, na nimekuacha unung'unike, kwa sababu kila ukimsema yeye ulikuwa hunisemi mimi.

Sasa nikuambie nilivyojua.

Namba ikifutwa, inapewa mkulima mpya, pamoja na chupa yake. Namba kumi na sita ilikaa bure karibu mwaka mzima, halafu ikapewa mwenyekiti wa chama tawala wa lokesheni yetu. Unamjua, ndiye yule bado. Alikuwa amenunua ng'ombe wa kizungu na alitaka kuuza maziwa kama watu. Wakati ule, na hata sasa, mtu kama yule haambiwi kitu kibaya kwa sauti. Akikohoa kwenye baraza, chifu anatafuta maji.

Siku yake ya kwanza ya kupimwa, maziwa yake yaligeuka meupe. Dakika ishirini. Niliangalia ile chupa, nikaangalia kama kuna mwingine aliyeiona. Sikuita namba yake. Sikugusa ile rangi nyekundu. Unajua nilifanya nini? Nilienda nikachukua chupa nyingine na kifuniko kipya kutoka stoo, nikachota tena kwa mtungi wake, nikapima mara ya pili bila mtu kuniomba. Ilibaki bluu. Saa tano, bluu. Saa saba nilipokula, bluu.

Basi nikachukua kile kifuniko cha namba kumi na sita nikakikata na wembe. Ndani ya mpira kulikuwa na ufa, mwembamba, hauonekani ukikishika. Umejaa kitu cha njano chenye harufu ya maziwa yaliyooza siku nyingi. Kila nilipofunika chupa na kuigeuza, maziwa ya Kogo yalikuwa yanaoshwa na ule uozo wangu, halafu ninamwita mbele ya watu.

Tulikuwa tumeambiwa tuchemshe chupa na vifuniko kila jioni. Chupa nilikuwa nachemsha. Vifuniko nilisuuza tu, kwa sababu mpira ukichemshwa sana unakuwa mgumu na kukatika, na karani wa stoo alikuwa ananifokea nikienda kuomba vingine, ati nakula mpira. Nilimwogopa karani. Hicho ndicho kitu chenyewe. Huko chuoni watakuambia uchemshe vifuniko, watasema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, wakiendelea na mambo mengine, na wewe utaandika mstari mmoja kwa daftari.

Ile rangi haikunidanganya. Bluu ilipotea kwa sababu wadudu walikuwepo kweli, wengi. Ilisema wapo. Mimi ndiye nilisema wametoka kwa nani. Nimefikiria jambo hili miaka mingi nikiosha chupa, na sijaona njia ya kulifanya liwe dogo. Mama yangu aliweka mikono mezani akaniomba nimwonyeshe ni wapi, na ilikuwa kwenye meza hiyohiyo, sentimita chache kutoka kwa vidole vyake.

Lakini kinachoniuma zaidi si ufa. Ufa ni bahati mbaya na uvivu. Kinachoniuma ni kwamba nilikuwa najua kupima mara ya pili. Siku zote nilikuwa najua, hakuna aliyenifundisha siku ya mwenyekiti. Mama yangu alishindwa mara tatu na haikunijia hata siku moja kubadilisha chupa. Mwenyekiti alishindwa mara moja, tena kimya kimya, na mikono yangu ikaenda yenyewe stoo. Watu wanasema mimi ni mpimaji asiyeogopa mtu. Kumbe nilikuwa siogopi wanyonge.

Kile kifuniko nilikitupa ndani ya moto wa boila. Nilijiambia nitamwambia Kogo Krismasi. Ikafika, ikapita. Halafu kukawa na mkutano wa wakulima, na meneja akanisimamisha mbele yao wote. Akasema, "Huyu mnamwona, alikataa maziwa ya mama yake mzazi. Nani kati yenu anaweza kusema anaonewa?" Walinipigia makofi. Baada ya hapo nikafanywa mkubwa wa wapimaji. Ungekuwa wewe ungesema nini hapo? Usinijibu. Najua ungesema, wewe una mdomo wa Kogo.

Tangu hapo, kila mkulima akilalamika, anaambiwa habari ya mama yangu. Wanawake wanalia pale kwa foleni na wanaonyeshwa mimi. Sijui ni vifuniko vingapi vingine vilikuwa na ufa kabla sijaanza kuchemsha. Sijawahi kuhesabu na sitaki.

Na hii nafasi yako. Ulifikiri umeipata kwa sababu ya alama zako za sayansi. Alama ni nzuri, lakini wasichana wenye alama kama zako walikuwa wengi. Meneja aliandika barua. Alinisomea kabla ya kuituma, alitaka nifurahi. Aliandika kwamba msichana huyu ni mtoto wa mtu aliyekataa maziwa ya mama yake mwenyewe, na nyumba kama hiyo haiwezi kutoa mtu wa kudanganya. Nilimshukuru. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Kwa hivyo unaona. Umebebwa na Kogo mgongoni na hujui, na unamwita mchoyo.

Leo asubuhi niliomba ruhusa nikapanda lori la maziwa mpaka Kaptagat. Nilimwambia mama yako naenda kumwomba Kogo mara ya mwisho akuletee maziwa. Nilimkuta nyuma ya nyumba. Ana ng'ombe mmoja siku hizi, wale wengine aliwauza mwaka uleule. Anakamua huyo mmoja asubuhi na jioni, na maziwa anampa ndama mpaka ashibe, yanayobaki anampa mbwa. Mwenyewe hanywi. Miaka yote hiyo mikono yake inakamua maziwa ambayo anaogopa kumpa mtu. Mimi nilikuwa nayaona hayo kila nikienda, na kila mara nilikuwa nasema tu mbwa wake amenona.

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilisema, "Mama, yale maziwa hayakuwa machafu. Kifuniko changu kilikuwa kimepasuka. Mikono yako haikuwa na kitu."

Hakuacha kumshika ndama. Aliuliza, "Ulijua lini?"

"Mwaka uliofuata."

"Huyu mtoto alikuwa na miaka mingapi?"

"Minane."

"Minane," alisema. "Alikuwa bado anakunywa maziwa."

Nilitaka anitukane, ningeshukuru. Ndama alimaliza, akamfunga, akaosha mikono yake kwenye beseni. Ukimtazama anavyoosha inauma, Jerotich. Anaosha mpaka viwiko, anasuuza, anaanza tena. Nilimwambia, "Mama, wacha, imetosha," na akaniangalia vile mtu anaangalia fisi amesimama mlangoni.

"Uliniambia mbele ya nani?"

"Mbele ya foleni."

"Na leo umekuja kunirudishia mbele ya ndama."

Ndipo nikaanza kujitetea, na hapa utanidharau na uko na haki. Nilimwambia nikisema pale kwa foleni, wakulima wote wenye walifutwa watataka kujua zao. Nilimwambia itabidi niseme ni nani alipimwa mara ya pili, na jina hilo halisemwi ovyo, watu wameitwa ofisini kwa maneno madogo kuliko hayo. Nilimwambia juu ya barua ya meneja. Nikasema meneja akisikia, simu moja tu kwa chuo na Jerotich anabaki nyumbani kuchuma mahindi ya watu kule Moi's Bridge. Nikamwambia wacha mtoto aende kwanza, amalize, halafu nitasema.

Nilikutumia wewe. Nilipokuwa nasema nilijua nakutumia, na bado niliendelea, kwa sababu ilikuwa inaingia vizuri mdomoni.

Kogo alisikiliza yote. Halafu akasema, "Kwa hivyo aende shule na uchafu wangu, amalize na uchafu wangu, apate kazi na uchafu wangu, halafu mimi nikishakufa utasema." Hakupandisha sauti. "Ni afadhali ungekuwa umezaliwa bubu. Ningekufunza kazi ya mikono."

Aliingia ndani akatoka na sotet. Alikuwa ameisugua ndani na makaa ya mti vile inavyotakiwa, ameifunga na mfuniko wake wa ngozi, na ilikuwa nzito. Tangu asikie umepata chuo aliweka maziwa humo, Jerotich. Na si mara ya kwanza. Ulipomaliza darasa la saba aliweka. Ulipoenda Form One aliweka. Ulipougua ile malaria nusura utuache, aliweka akingoja upone. Kila mara yakiiva anakaa nayo siku mbili tatu, anajiuliza kama anaweza kukupa, halafu anaogopa kukuua, na anampa mbwa. Aliniambia hayo kama mtu anayesoma orodha.

"Kesho nashuka na lori," alisema. "Nitasimama kwa foleni yenu na hii, bila mtungi. Ukisema mbele yao vile ulisema siku ile, nitampa mtoto anywe na nitambariki aende. Usiposema, nitasimama mpaka gari yake iondoke, halafu nitarudi nayo. Simpi mtoto kitu ambacho baba yake bado anakiita sumu."

Nilimwambia miguu yake haiwezi kusimama kwa foleni masaa mawili. Akasema miguu ni yake.

Nimerudi saa saba. Mama yako ameniuliza, "Amekubali?" Nimemwambia amesema ataangalia. Umesikia, umevuta mdomo ukatoka nje na viatu vyako. Hapo ndipo nikachukua karatasi.

Ningetaka kukuambia nimeamua. Mwanaume angekuandikia, kesho saa mbili kamili nitavua koti na kusema. Nimejaribu kuandika sentensi hiyo mara mbili na nimeikata, unaweza kuona nilivyokwaruza hapo juu. Najijua. Meneja husimama pale mlangoni saa mbili. Mwenyekiti huleta maziwa yake mwenyewe siku hizi, kwa gari. Kogo atakuwa kati yao amesimama na miguu yake iliyovimba, na mimi nitakuwa na kalamu mkononi, na kuna kitu ndani yangu kinachopenda amani kuliko kinavyompenda mama yangu. Kimeshinda kila mwaka. Sina sababu ya kukuahidi kitashindwa kesho kwa sababu tu ni wewe unasafiri.

Nakupenda. Nilimpenda yeye pia siku ile ya mikono mezani, usifikiri sikumpenda. Ndio maana nakuambia kupenda si kitu cha kutegemea ukiwa na kazi kama hii yetu. Kuna siku utakuwa umechoka, foleni ni ndefu, mkubwa wako anaangalia, na mtu asiye na nguvu atakuomba upime tena. Utakuwa unampenda Mungu na watu wote siku hiyo, na bado utaona ni usumbufu. Mpimie tena.

Kesho nitatoka saa kumi na moja, kabla hujaamka. Hii nitaiacha juu ya sanduku lako. Ningeweza kukupa mkononi leo, lakini ningelazimika kukaa hapa ukiisoma, na hilo pia limenishinda.

Kiwanda kiko njiani mkienda stage. Ukipita saa mbili utamwona. Ukikuta kelele, watu wamezunguka meza yangu na meneja ananifokea, ujue nimesema, na labda chuo kitakuambia urudi, na utanichukia kwa hiyo pia, na utakuwa sawa. Lakini ukikuta kimya, napima maziwa ya watu nikiwa nimeinamisha kichwa, usinisalimie. Usinipungie mkono. Nenda kwa Kogo. Hatakupa hicho kibuyu, ameshasema, na akisema kitu hageuki. Mnyang'anye. Fungua, unywe ukiwa umesimama hapo hapo mbele ya foleni yote, mpaka kiishe, na mimi nikiangalia.

Baba yako